Uniti 28 zilikuwa za siku saba, sasa siku nne: nimebana kila kitu, Nzuguni Dodoma

Mama Salome, Nzuguni

Wanajukwaa, habari za jioni. Naandika nikiwa na daftari langu mbele yangu, maana hii hesabu imenikosesha usingizi na sina wa kubishana naye.

Nyumba yetu iko Nzuguni, vyumba vitatu na sebule. Tuko watu sita: mimi, mama mkwe, watoto watatu na binti wa dada yangu anayesoma chuo. Baba watoto yuko kikazi Manyoni, anarudi mwisho wa mwezi. Tangu tuhamie hapa kutoka Tanga miaka minne iliyopita, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi, yaani uniti 28, tulikuwa tunakwenda nayo siku saba. Ijumaa hadi Ijumaa. Nilizoea hadi nikawa siangalii tena. Alhamisi usiku mita inaanza kulia, kesho yake nikitoka kazini napitia tokeni.

Mwishoni mwa Mei ikawa siku sita. Nikasema ni baridi, maji ya kuoga yanapashwa. Katikati ya Juni ikawa tano. Sasa ni Julai, na ya mwisho nimeingiza Jumanne saa moja asubuhi, leo Jumamosi saa mbili asubuhi umeme umekata. Siku nne. Na msiniambie ni kodi ya jengo, ile 1,500 ya kila mwezi naijua, ndiyo maana ukinunua mara ya kwanza mwezi ukianza elfu kumi inakupa uniti 23.9 tu. Hiyo nimeshaitoa kwenye hesabu.

Nilichofanya mpaka sasa: balbu zote kumi na moja nimezitoa, nimeweka za LED za wati 9. Jagi la umeme nimelifungia kabatini, maji tunachemsha kwa mkaa. Pasi ni Jumapili tu, nguo za wiki nzima. Salome yuko kidato cha pili, nikamwambia ikifika saa tatu taa ya chumbani izimwe. Juzi nimeingia nimemkuta kajifunika shuka gubigubi, anasoma Jiografia kwa tochi ya simu ya bibi yake. Niliufunga mlango taratibu nikaenda kukaa sebuleni. Sikuwa na la kusema.

Vilivyobaki ni friji (ya milango miwili, tulinunua ya mtumba), TV ya inchi 32 na king'amuzi chake, na pampu ya maji ya HP 1. Huku maji ya bomba yanakuja kwa zamu, kwa hiyo tunajaza simtanki la lita 2,000 lililo chini, nyuma ya nyumba, na pampu inasukuma yenyewe kila ukifungua bomba ndani. Hilo simtanki nalo siku hizi linaisha haraka, lakini hiyo ni habari nyingine, watoto walikuwa likizo mwezi wa sita wakawa wanachezea maji.

Kuna mtu limewahi kumkuta hili? Nawaomba msiniambie nizime taa. Taa nimezima. Nataka kujua uniti zinakwenda wapi.

Kijana wa Ilazo

Pole sana mama. Nenda ofisi ya TANESCO uombe uwekwe D1, daraja la wanaotumia umeme kidogo. Huko uniti moja ni shilingi 122 pamoja na makato yote, wewe uliye T1, daraja la kawaida, unanunua kwa 356. Bibi yangu yuko Bahi, anaweka 9,150 anapewa uniti 75 na mwezi unaisha. Mimi naona shida yako ni daraja la bei.

Dada Mhasibu

Kijana, hesabu yako ya bei ni sahihi ila haimfai Mama Salome. T1 ni shilingi 292 kwa uniti, juu yake VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Jumla 356 na senti. D1 ni shilingi 100 kabla ya makato hayohayo, lakini ni ya wale ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi, yaani mbili na nusu kwa siku, na zinazozidi hapo zinahesabiwa 350. Nyumba ya watu sita yenye friji na pampu haiwezi kukaa humo. Hata ilipokuwa sawa ilikuwa inakula uniti nne kwa siku.

Halafu hakuuliza bei. Bei ya Mei na ya Julai ni ileile. Kilichobadilika ni uniti nne kuwa saba. Mama, una uniti tatu kila siku zisizo na mwenyewe, na hizo ni kama shilingi 1,070 kila jua likizama. Usitafute vitu vidogovidogo, tafuta kitu chenye ukubwa huo. Balbu haziwezi kuwa ndizo. Chukua balbu tano zinazowaka saa tano kila usiku: zikiwa za wati 20 ni nusu uniti, zikiwa za wati 9 ni chini kidogo ya robo. Umeokoa robo uniti na ushei. Ni vizuri, lakini wewe unatafuta tatu. Na kwa hesabu hiyo taa ya mtoto, balbu moja ya wati 9 kwa saa tatu, ni shilingi kumi kwa usiku. Mrudishie Salome taa yake leo.

Mwalimu, Kongwa

Mimi dau langu naliweka kwenye friji. Ya mtumba, milango miwili, na iko Dodoma. Vumbi la huku si la mchezo. Nyuma au chini ya friji kuna mabomba membamba ndiko joto linakotokea, yakishavaa vumbi kama blanketi mashine inazunguka bila kupumzika. Mimi ya kwangu niliivuta kutoka ukutani baada ya miaka miwili nikatoa vumbi la kujaza kibakuli, nikaiacha na nafasi ya kiganja kimoja kutoka ukutani, na ikaanza tena kunyamaza usiku kama ilivyokuwa mpya.

Angalia na mpira wa mlango. Weka noti ya elfu moja nusu ndani nusu nje, funga mlango, vuta. Ikitoka kirahisi bila kushikwa, baridi inatoka hapo mchana kutwa. Zungusha noti mlango mzima, maana mara nyingi mpira unalegea upande mmoja tu, ule wa chini.

Na hayo maji ya kuoga. Ndoo ya lita 20 kuitoa kwenye baridi ya asubuhi ya mwezi huu hadi kwenye uvuguvugu wa kuoga inakula kama nusu uniti. Sisi tunaianika ndoo nyeusi yenye mfuniko juani tangu saa tatu, watoto wanaoga saa kumi alasiri wakitoka shule. Julai ya huku ina baridi lakini jua lake ni kali, tulitumie.

Fundi Mstaafu, Kikuyu

Mbukwenyi nyote. Mama Salome, nimesoma ulichoandika mara mbili. Mwalimu amesema kweli kuhusu friji, ifanyie hayo yote. Lakini friji huharibika na kubaki imeharibika, ya kwako imepanda taratibu, saba, sita, tano, nne, kwa wiki saba. Kitu kinachopanda hivyo mara nyingi ni kitu kinachovuja na tundu linazidi kukua.

Nina swali moja. Hilo simtanki uliloliita habari nyingine, zamani lilikuwa linakaa siku ngapi na sasa siku ngapi?

Ukipata nafasi leo usiku fanya hivi. Watu wote wakishalala, chomoa friji, TV, king'amuzi, chaja, zima taa zote. Usizime meinswichi na usiguse waya wowote, ni kuchomoa tu. Halafu nenda kwenye mita. Kuna kitaa chekundu kinachowaka na kuzima. Pembeni yake pameandikwa namba na herufi imp/kWh. Kama ni 1000, maana yake kitaa kikiwaka mara elfu moja uniti moja imeondoka. Nyumba ikiwa imelala kabisa, kitaa kinatakiwa kitulie. Ukikiona kinawaka wakati umezima kila kitu, kuna mlaji usiyemjua, au kuna waya unavujisha umeme ukutani, na huo wa pili ni hatari, uniite au uite fundi wa karibu yako siku hiyohiyo.

Kaa hapo angalau dakika kumi na tano. Usiangalie dakika moja ukaondoka. Beba saa.

Mpangaji wa Chang'ombe

Fundi samahani naingilia. Sisi tuko wapangaji wanne tunachangia LUKU moja, kila mwezi ni ugomvi, kila mtu anamnyooshea kidole mwenye friji. Hiyo ya kitaa inaweza kutusaidia kujua nani anakula nini?

Fundi Mstaafu, Kikuyu

Inaweza. Kila mmoja azime, abaki mmoja, mhesabu kitaa kwa dakika kumi. Fanyeni mchana mbele ya wote ili asiwepo wa kusema ameonewa. Lakini dawa ya kudumu ni kila chumba kuwa na submita yake. Friji hailaumiwi kwa sura. Nimeshakuta nyumba Majengo wanamlaumu mwenye friji wakati jirani yake analala na jiko la koili moja ya wati 1,500 limewashwa chumbani kuondoa baridi. Hiyo, mwanangu, ikikaa saa sita ni uniti tisa, na ni moto wa kuchoma nyumba.

Mama Salome, Nzuguni

Shikamoo baba. Nimekaa na mita. Naandika saa saba usiku, mnisamehe kama maneno hayajapangika.

Mita yetu ni ya ukutani, barazani, na kweli imeandikwa 1000. Saa tano na robo nimechomoa kila kitu, nimechukua kigoda, khanga mbili kwa sababu ya upepo, na simu ya kuangalia saa. Kitaa kimetulia. Dakika moja, mbili, tatu. Nikasema basi, ni friji tu, Mwalimu amepatia. Nilikuwa nimeshainuka nikakumbuka umeniambia dakika kumi na tano.

Saa tano na dakika ishirini na moja kikaanza. Kikawaka, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, kikawaka tena. Hivyo hivyo mara kumi, kisha kikazima kimya. Nikaandika. Baada ya dakika tano kikaanza tena, mara kumi, kikanyamaza. Baada ya dakika tano, tena. Mara ya nne ndipo nikasikia mngurumo nyuma ya nyumba, mdogo, unaanza na kukata. Huo mngurumo nimeusikia wiki nyingi nikiwa kitandani na nilijua ni pampu ya jirani, kwa sababu ukuta wetu na wao ni mmoja na pampu zimepeana mgongo. Nikazunguka na tochi. Nikaweka mkono juu ya pampu yetu. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoipuliwa sasa hivi.

Saa sita usiku, nyumba nzima imelala, bomba zote zimefungwa, na pampu yangu inasukuma maji.

Simtanki: zamani lita 2,000 zilikuwa siku saba hadi nane. Sasa tano. Nilikuwa nimewagombeza watoto.

Dada Mhasibu

Nimepiga hesabu ya kitaa chako. Mara kumi kati ya elfu moja ni sehemu moja ya mia ya uniti. Kila dakika tano ni mara 288 kwa siku. Uniti 2.88. Ndizo tatu zako hizo.

Fundi Mstaafu, Kikuyu

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi.

Sasa nikueleze kinachotokea. Pampu yako ina automatiki inayosikiliza msukumo wa maji kwenye bomba. Ukifungua bomba msukumo unashuka, inawasha. Ukifunga unapanda, inasubiri sekunde chache, inazima. Haijui kama maji yametoka bafuni au yametoka kwenye tundu la sindano. Maji yakivuja kidogokidogo mahali fulani, msukumo unashuka polepole, baada ya dakika tano automatiki inaona kuna mtu kafungua bomba, inaamsha mota. Mota ya HP 1 inavuta karibu wati 900, ndiyo maana kitaa chako kinawaka kila sekunde nne. Halafu inazima. Usiku kucha. Ukiiacha, itaungua mota, kwa sababu kila inapoanza inavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja na inapata joto.

Sasa tafuta panapovuja, mama. Kama hakuna unyevu kwenye kuta wala sehemu ya uwanja iliyoota majani mabichi Julai hii, maji yanapotelea chooni. Huko yanakwenda bila kelele wala alama. Tia rangi yoyote ya chakula kwenye tangi la kuflashia, usiflashi, subiri nusu saa, angalia bakuli la chini.

Kama si choo, inaweza kuwa valvu ya kuzuia maji kurudi pale pampu inaponyonya. Anza na choo.

Mama Salome, Nzuguni

Sikuwa na rangi. Mama mkwe alikuwa amechemsha rozela jana, nikachukua kikombe kimoja cha ile nyekundu nzito kabla haijatiwa sukari, nikamimina kwenye tangi la choo cha ndani. Tukasimama wote pale mlangoni, watoto, bibi yao, mimi. Haikufika nusu saa. Dakika nane. Ukiangalia maji ya bakuli unaona uzi mwembamba wa rangi ya waridi unashuka ukutani mwa bakuli, umetulia kabisa, hauna hata sauti. Mdogo wao akasema mama choo kinatoka damu. Nikafunga koki iliyo chini ya tangi. Nikaenda kukaa na mita: dakika ishirini, kitaa hakikuwaka hata mara moja.

Leo asubuhi nimekwenda duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo nimenunua seti ya ndani ya tangi, na kijana wa bomba wa mtaani kaifunga kwa nusu saa. Ule mpira wa zamani ameniwekea kiganjani. Ukingo wake wote umeshika ukoko mweupe, mgumu, ukipitisha kucha unasikika kama unakwangua ganda la yai. Sehemu moja ukoko umebanduka na kuacha pengo lisilozidi upana wa punje ya mtama. Hapo ndipo hela yangu ilikuwa inapita.

Fundi Mstaafu, Kikuyu

Ni maji ya hapa. Maji ya visima vya Dodoma ni mazito, yana chokaa, kila mtu anayaona kwenye jagi lake. Yanakula mpira wa choo, yanaziba vichwa vya bafu, yanaua koili za hita. Ukikaa huku, mpira wa tangi la choo ukague kila unapofika msimu wa kiangazi, ufute ukoko kwa ndimu au siki, usikwangue kwa kisu. Na jagi vilevile: chemsha maji yenye ndimu mbili, acha yapoe humohumo, suuza. Litakaa miaka.

Binti wa Mtumba

Nimefurahi kusoma hadi hapa. Mama Salome naomba niseme jambo moja, usichukie. Umeandika mwanzoni kwamba ili kuokoa umeme umerudi kuchemsha maji kwa mkaa. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunaogopa mita kwa sababu inalia na tunaiona, mkaa hauna kitaa chekundu.

Mimi nina jiko presha la umeme la lita sita. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa kama nusu uniti, shilingi 180 hivi. Nimepima kwenye mita, si kwa kusikia. Likishapanda presha linajizima lenyewe, linawaka kidogo tu kulinda joto, tofauti na jiko la koili ambalo linapasha jikoni pote. Kwa mkaa maharage hayohayo ni zaidi ya saa mbili za moto, na bei ya kopo la mkaa mnaijua, na moshi anauvuta bibi. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka ifike 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Mimi sikusubiri mkakati, nilichoka kifua cha mama yangu kupiga filimbi kila usiku wa baridi.

Sio kila kinachovuta wati nyingi ni mwizi. Pasi inavuta wati elfu moja na kitu lakini ni nusu saa. Pampu yako ilikuwa inavuta chini ya hapo, na ilikumaliza kwa sababu haikulala.

Mama Salome, Nzuguni

Sijachukia hata kidogo mdogo wangu. Mama mkwe wangu ndiye anayekaa na lile jiko la mkaa, na kikohozi chake nilikuwa nakisingizia vumbi. Jagi limetoka kabatini. Na nimeomba unielekeze hilo jiko presha, ujazo gani unafaa watu sita.

Binti wa Mtumba

Lita sita linatosha, dada. Angalia mpira wa mfuniko unapatikana madukani kabla hujanunua, huo ndio unaochoka kwanza.

Kijana wa Ilazo

Nimekwenda kukaa na mita yetu jana usiku kwa sababu ya huu uzi. Kitaa kinawaka mara moja kila dakika moja na nusu hivi, nyumba ikiwa imezimwa yote. Nimegundua ni king'amuzi na redio kubwa ya sebuleni, zinaonekana zimezimwa kwa rimoti lakini ziko macho. Ni kidogo, kama uniti moja kwa siku, sivyo?

Dada Mhasibu

Kwa mita ya 1000, mara moja kila sekunde 90 ni wati 40. Kwa siku nzima ni uniti 0.96. Ndiyo, karibu uniti moja, shilingi 340 kila siku kwa vitu ambavyo hakuna anayeviangalia. Kwa mwezi ni elfu kumi, Kijana. Zima ukutani.

Mama Salome, Nzuguni

Wanajukwaa, ni wiki tatu zimepita, nimerudi na daftari kama nilivyoahidi moyoni.

Uniti 28 za kwanza baada ya kutengeneza choo: siku saba na nusu. Za pili: siku saba kamili, wiki hiyo baba watoto alikuwepo na alipiga pasi kila asubuhi, sikumzuia. Ya mwanzo wa mwezi, zile 23.9, imekwenda siku sita na kidogo. Friji nayo niliivuta kutoka ukutani, Mwalimu, vumbi lake lilijaza kikombe, na noti ilitoka kirahisi pembe ya chini upande wa bawaba. Mpira huo bado sijabadilisha, naupasha kwa maji ya moto kwa kitambaa ukarudi umbo kwa sasa.

Salome nilimwita nikamwonyesha daftari, hesabu ya taa yake, shilingi kumi. Nikamwomba radhi. Hakusema kitu, akachukua kalamu akaipiga upya hesabu yenyewe pembeni, wati tisa mara saa tatu gawanya kwa elfu moja, akaniambia ni shilingi tisa na senti sitini. Sasa yeye ndiye anayesoma mita kila asubuhi kabla ya kwenda shule na kuandika.

Na simtanki limerudi siku saba.

Baba, Fundi wangu, nina swali la mwisho. Baba watoto anataka tujenge mnara mdogo tupandishe tangi la lita 1,000 juu, pampu ijaze mara moja kwa siku, maji yashuke yenyewe, hiyo automatiki tuachane nayo. Ina faida kiasi gani, na tangi likijaa pampu itajuaje kuzima?

Fundi Mstaafu, Kikuyu

Faida ipo. Pampu ya HP 1 ikisukuma lita 40 kwa dakika inajaza lita 1,000 chini ya nusu saa, haifiki hata nusu uniti, halafu inalala mpaka kesho. Choo kikivuja tena utapoteza maji lakini hutapoteza mota, na utaligundua maana tangi la juu litashuka haraka kuliko kawaida. Umeme ukikatika bado mnaoga.

Kuzima kunafanywa na boya la umeme, linaning'inia ndani ya tangi la juu, maji yakilinyanyua linakata. Weka na la pili kwenye simtanki la chini, liizuie pampu isizunguke kavu siku ambayo zamu ya maji imechelewa. Mnara uwe na msingi wa zege, lita 1,000 ni tani moja, na upepo wa huku mnaujua. Waya wa boya upite ndani ya bomba la plastiki, usiachwe juani. Akishajenga niambie, Kikuyu na Nzuguni si mbali, nitakuja mwenyewe niufunge.

Mama Salome, Nzuguni

Asante baba. Rozela itakuwepo, safari hii yenye sukari.